Maziwa hayafuti sumu

Kwenye karakana nyingi za kuchomelea vyuma na kupiga rangi magari, hata kwenye mashine za kukoboa na kusaga, kuna utaratibu usioandikwa popote lakini unaofuatwa kuliko kanuni zilizobandikwa ukutani: jioni kila fundi anapewa pakiti ya maziwa "ya kukata vumbi". Wanaopulizia dawa nyanya na vitunguu wana desturi hiyo hiyo, kwa imani kwamba maziwa yanaondoa sumu mwilini. Kuna wanaokunywa kabla ya kuingia shambani na kuna wanaosubiri watoke. Sisi tunaofanya ukaguzi, tukiuliza vifaa vya kujikinga viko wapi, si mara moja wala mbili tumeonyeshwa jokofu.

Maziwa ni chakula kizuri, sina ugomvi nayo. Ila unachokunywa kinashuka tumboni, na unachovuta kwa pua kinakwenda mapafuni. Njia hizo zikishaachana kooni hazikutani tena. Vumbi kubwa linanaswa na makamasi, likatemwa au likamezwa, na hapo kinywaji chochote kinalainisha koo. Ndiyo maana fundi akishanywa maziwa anahisi nafuu ya kweli. Linaloumiza ni lile asiloliona, chembe za chini ya mikromita 5 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), wakati unywele wake mwenyewe una unene wa mikromita 50 au zaidi. Kwa wanaoponda mawe au kutoboa miamba, chembe hizo za silika, madini yaliyomo kwenye mawe, zinajikita ndani kabisa ya mapafu na kuacha makovu. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna dawa ya kuuponya, na maziwa hayajawahi kufika pale ulipo.

Kosa la msingi ni kudhani kuna uchafu mmoja unaoitwa sumu, unaozunguka mwilini ukisubiri kuoshwa. Hakuna. Kila sumu ina mlango wake wa kuingilia na mahali pake pa kudhuru, na kiasi kilichoingia ndicho kinachoamua mengi.

Chukua zebaki, inayojulikana vizuri na wachimbaji wadogo wa Geita na Chunya. Mtu akimeza tone la zebaki ya maji, ile inayong'aa kama fedha, karibu yote inapita na kutoka na choo. Utumbo unafyonza chini ya asilimia 1. Lakini zebaki ileile, ikishashikana na dhahabu, ikichomwa juu ya mkaa ili ibaki dhahabu, inageuka mvuke usio na rangi wala harufu, na mapafu yanafyonza takriban asilimia 80 ya mvuke huo. Unaingia kwenye damu, unafika kwenye ubongo. Mikono inaanza kutetemeka, usingizi unapotea, mtu mpole anakuwa mkali bila sababu, na nyumbani wanasema amerogwa. Kuna sura ya tatu. Zebaki ikitupwa majini, vijidudu vinaibadilisha kuwa methilizebaki, samaki wanaikusanya, na anayekula samaki hao anaifyonza karibu yote kupitia utumbo. Kwa kula samaki wenye methilizebaki ndivyo watu wa Minamata, Japani, walivyoumia. Ugonjwa wao ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, na mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki umepewa jina la mji huo. Madini ni yaleyale, njia tatu, matokeo matatu. Kwa mchoma dhahabu kinga ni kutumia retoti, yaani chombo kilichofungwa chenye bomba la kupoza mvuke hadi urudi kuwa zebaki ya maji, na kutochomea kabisa kwenye chumba wanacholala watoto.

Imani ya maziwa haikutoka hewani, na ni haki kulisema hilo. Madini ya risasi yanaingia mwilini kwa njia zinazotumiwa na kalsiamu, hivyo mtu anayekula vizuri, mwenye kalsiamu na chuma cha kutosha, anafyonza risasi kidogo kuliko mwenye njaa. Urusi hadi leo ina kifungu katika sheria ya kazi kinachotaja maziwa kwa wanaofanya kazi katika mazingira hatarishi. Lakini kupunguza si kuzuia, na risasi ikishajichimbia kwenye mifupa inakaa miaka na miaka. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliokaa jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, hawakudhurika kwa kukosa maziwa. Walidhurika kwa moshi, vumbi na maji yaliyotoka kiwandani.

Mimi nashuku maziwa yanapendwa pia kwa sababu pakiti ni rahisi kuliko feni ya kuvuta moshi. Kwa Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Maziwa ayatoe akipenda, kama chai ya saa nne.

Kuhusu chai na vidonge vya "kusafisha mwili" sitakaa sana. Figo zako zinachuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku na kurudisha karibu yote, huku ini likibadilisha kemikali ziweze kutoka kwa mkojo na nyongo. Chai nyingi za aina hiyo zina sanamaki, ambayo inaharisha. Kilo mbili ulizopoteza ni maji na choo, na ukizidisha unapoteza na chumvi ambazo moyo unazihitaji. Ile mashine ya kuloweka miguu hadi maji yawe ya kahawia ijaribu bila miguu: tia chumvi, washa, subiri. Maji yatabadilika rangi vilevile, kwa sababu ni chuma cha mashine kinachoshika kutu.

Mahali ambapo maziwa yanaweza kuleta msiba ni nyumbani, mtoto anapokunywa mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye chupa ya maji. Jambo la kwanza wengi wanalofanya ni kumtapisha, au kumnywesha maziwa mengi, ambayo nayo yanamtapisha. Mafuta ya taa yakibaki tumboni madhara yake ni madogo kuliko yakimpalia. Ni mepesi, yanasambaa haraka, na kiasi kidogo tu kikiingia mapafuni kinaleta nimonia kali. Usimtapishe. Vilevile kwa dawa za kufulia za kung'arisha na magadi ya kuzibulia mabomba: vinavyounguza umio vikishuka vitaunguza tena vikipanda.

Dawa ya kuua wadudu ikimmwagikia mtu, mvue nguo zote na umwoshe kwa maji mengi na sabuni, wewe ukiwa umevaa glovu au mifuko ya plastiki mikononi, kwa sababu dawa nyingi zinapita kwenye ngozi. Jasho jingi, mate kutiririka, mboni za macho kuwa ndogo na kifua kubana ni dalili kwamba anahitaji atropini, dawa inayotolewa hospitali. Aliyezidiwa na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa mtoe nje kwanza. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu ya mkaa unaowaka, inaing'ang'ania hemoglobini, kibeba oksijeni cha damu, mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni, na tiba yake ni oksijeni. Aliyezimia au anayedegedeka asiwekewe chochote mdomoni. Mlaze kwa ubavu.

Mkiondoka kwenda hospitali bebeni chupa au pakiti ya kile alichokunywa, hata kama imebaki tupu, na kama lebo imetoka semeni mliinunua wapi na kwa kazi gani. Mwambieni daktari saa aliyokunywa, kiasi mnachokadiria, na kama mmeshampa maziwa.