Je, wajua? Umri wa mbu husema mengi kuhusu malaria kuliko wingi wao

Vijiji viwili vinaweza kupakana na kunyeshewa mvua ileile, lakini malaria ikaenea kimoja kwa kasi kuliko kingine. Unajuaje ni kipi? Wengi tungekimbilia kuhesabu wagonjwa kliniki. Hesabu hiyo hudanganya: penye malaria ya miaka nenda miaka rudi, watu wazima wengi hubeba vimelea bila hata kuumwa kichwa. Ndiyo maana watafiti hupima damu ya watoto wa miaka 2 hadi 10, wagonjwa kwa wazima.

Kisha wanamgeukia mbu. Katika njia ya zamani, mtu aliyejitolea, akiwa amemeza dawa ya kinga, hukaa usiku miguu wazi, tochi mkononi. Mbu akitua, anamfyonza kwa mrija wenye wavu kabla hajauma. Tuseme kila usiku wanatua 20, na katika kila 100 wawili wana vimelea kwenye tezi za mate. Hapo mtu anaumwa na mbu wa hatari mara 2 kila siku 5.

Utamu wa hesabu, kwangu mimi, uko kwenye umri. Kimelea huhitaji kama siku 10 au zaidi kukomaa ndani ya mbu; mbu akifa siku ya 8, kazi bure. Ikiwa kati ya mbu 100 wanaobaki hai kila kukicha ni 90, baada ya siku 10 watakuwepo kama 35. Wakibaki 80 kila kukicha, siku ya 10 utakuta 11 tu! Chandarua chenye dawa kinasaidia hapo: hakihitaji kumaliza mbu wote, kuwafupishia maisha kunatosha kuvuruga mambo.

Na umri wa mbu unasomwaje? Jike hupasuliwa, ovari zake zikatazamwa kwa hadubini. Kama hajawahi kutaga, vimirija vya hewa kwenye ovari vimejiviringa kama uzi. Akishataga mara moja vinanyooka, wala havijiviringi tena.

Kuna jambo jingine: mbu lazima aume mara mbili, kwanza kuchukua vimelea, kisha kuvipeleka. Kwa hiyo tabia ya kuuma watu ikipungua nusu, uenezi hushuka hadi robo.

Yote hayo huingizwa kwenye fomula iliyotokana na kazi ya Ronald Ross, aliyegundua mwaka 1897 vimelea ndani ya mbu, na George Macdonald, aliyeiendeleza miaka ya 1950. Jibu huitwa R0: mgonjwa mmoja angezaa wagonjwa wangapi mahali pasipo kinga wala udhibiti. Surua, inayosifika kwa kuambukiza, hutajwa kuwa 12 hadi 18. Makadirio ya mwaka 2007 kwa jamii 121 za Afrika yalianzia karibu na 1 hadi zaidi ya 3,000. Idadi hiyo ya kutisha haimaanishi watu 3,000 wataugua kweli. Mbu huwarudia walewale, na aliyekwisha kuambukizwa akiumwa mara hamsini zaidi, bado ni mgonjwa mmoja.