Unatafuta banda la kulaza farasi? Achana na geti, kachungulie hori

Malalamiko ya wenye farasi yamekuwa mengi, na karibu yote yanaanzia kwenye kuchagua banda, kwa hiyo sisi wa ukaguzi wa ustawi wa wanyama tumeona tuseme mapema. Watu wanasifia geti, rangi, uwanja wa mazoezi, wanalipa. Rangi ya ukuta farasi hana habari nayo.

Ingia chumbani, inama mpaka usawa wa matandiko, vuta pumzi. Macho yakiwasha hiyo ni amonia ya mkojo, na farasi akila chini au akilala pua yake iko hapohapo usiku kucha, ndo mapafu yanaharibika. Halafu chungulia hori, yaani chombo anacholia, saa ambayo sio ya kulisha, uone kama majani yamo. Tumbo la farasi linatoa asidi muda wote, ale asile, akikaa masaa mengi bila majani vidonda vinamngoja. Farasi wa kilo 500 anataka kama kilo 8 hadi 10 za majani makavu kwa siku, na maji lita 25 hadi 50. Tena hawezi kutapika, kwa hiyo tumbo likimsokota usiku hakuna cha kusubiri asubuhi.

Na hii ya "wangu kazoea kukaa ndani" jamani tumeichoka. Ukiona anang'ata mlango huku anavuta hewa, au anayumba kushoto kulia, sio ukorofi, mara nyingi ni kufungiwa peke yake. Muulize saisi, yaani mtunza farasi, sio mwenye banda, wanatolewa nje masaa mangapi na wakiwa na wenzao. Farasi mgeni tu ndo atengwe kwanza, asije akawaambukiza wengine ugonjwa, wiki 2 hadi 3 ndo kawaida.

Mkataba uwe wa maandishi: nani anaita daktari usipopatikana, mpaka gharama kiasi gani, nani anafuatilia kwato kila wiki 6 hadi 8. Ukiona kasoro mwandikie mwenye banda, baki na nakala, piga picha zenye tarehe, asiporekebisha peleka kwa mamlaka ya wanyama hapo ulipo ukitaja chumba na saa. Kwa kawaida mkaguzi anaanza na onyo na muda wa kurekebisha, anarudi kukagua, ikishindikana ndo faini au banda kufungwa, kutegemea sheria ya nchi. Ila farasi akiwa anateseka sasa hivi usianze na barua, ita daktari wa mifugo. Na kuacha kulipa kimyakimya hatuhesabu kama malalamiko, hapo wewe ndo unaweza kuonekana umevunja mkataba.