Kama Mungu ameshachagua, mimi naamua nini?

Swali hili huzuka darasani kila tunapofika kwenye somo la uteule, na mara nyingi muulizaji huwa ameshakasirika: ikiwa Mungu alichagua tangu milele nani ataokoka, binadamu si kikaragosi tu? Hapo Wakalvini, wanaofuata mafundisho ya Yohana Calvin, mwanamatengenezo wa karne ya 16, wamesingiziwa mno. Hawafundishi kwamba mtu hachagui. Wanachouliza ni hiki: anachagua kwa moyo wa namna gani?

Mtazame Lidia, Matendo ya Mitume sura ya 16. Muuza zambarau kutoka Thiatira, ameketi kando ya mto huko Filipi pamoja na wanawake wenzake, anamsikiliza Paulo. Luka anasema Bwana aliufungua moyo wake, naye akayatunza maneno yale. Hakuburutwa. Akishabatizwa anawasihi akina Paulo wafikie kwake, anawabana mpaka wanakubali. Aliyelazimishwa hang'ang'anii wageni hivyo. Kwa Mkalvini, hoja yote imo katika mfuatano huo: moyo ulifunguliwa kwanza, ndipo imani ikaja, tena ikaja kwa hiari.

Kwa nini ilibidi ufunguliwe? Kwa mafundisho haya, dhambi iliharibu hata hamu ya mtu. Mwenye dhambi hajashikwa mkono na yeyote. Anafanya apendalo, ila Mungu hayumo katika ayapendayo. Mwaka 1754 Jonathan Edwards, mchungaji Mkalvini huko Amerika, alitenganisha aina mbili za kutoweza. Mfungwa wa minyororo hatoki hata akitaka. Mwingine mlango uko wazi, lakini hatoki kwa kuwa hataki, na lawama ni yake.

Mzozo wenyewe ni wa kale kuliko Calvin. Augustino, aliyesema mtu hawezi kumgeukia Mungu bila neema kumtangulia, na Pelagius, aliyesema mtu aweza kuchagua mema mwenyewe, walishavutana juu yake katika karne ya 5. Huko Uholanzi, mwaka 1610, wafuasi wa mwanateolojia Jacobus Arminius (Waarmini) waliandika vipengele vitano: uteule hutegemea imani ambayo Mungu aliiona mapema, na neema yaweza kukataliwa. Sinodi ya Dordrecht, mkutano wa kanisa wa 1618 hadi 1619, ikawajibu, na huko ndiko zilikotoka zile "pointi tano" maarufu za Ukalvini. Calvin hakuziorodhesha, alifariki 1564. Ajabu ni kwamba sinodi hiyo hiyo, inayosifika kwa ukali, ilikataa kabisa wazo kwamba neema huwatendea watu kama magogo na mawe.

Kigumu hasa ni kwa nini afunguliwe huyu na si yule. Hapa Waarmini wana haki ya kubana, na sijaona Mkalvini aliyelijibu swali hilo bila kuishia kwenye Warumi 9, pale Paulo anaposema Mungu humrehemu amtakaye. Calvin mwenyewe alikiri kwamba agizo hilo la Mungu ni la kutisha.

Lakini wengine hurukia pasipo: basi kuhubiri kwa nini? Mmisionari Mwingereza William Carey alikuwa Mkalvini, na mwaka 1793 alisafiri hadi India kuhubiri. Korintho nako, katika Matendo 18, Paulo alikuwa na hofu. Usiku Bwana akamwambia katika maono asinyamaze, kwa maana ana watu wengi katika mji ule. Wengi wao walikuwa bado hawajaamini. Paulo hakufunga mzigo aondoke kwa kuwa mambo yameshaamuliwa. Alikaa pale mwaka mmoja na miezi sita, akifundisha.