Mtaalamu wa Jenetiki ya Tiba: Maana ya Taaluma Yake

Mtaalamu wa jenetiki ya tiba ni daktari anayetambua na kutafiti magonjwa yanayotokana na hitilafu katika vinasaba, yaani jeni, hasa yale ambayo watoto huyarithi kwa wazazi wao. Daktari wa moyo au wa macho hujulikana kwa kiungo anachokitibu, lakini huyu hana kiungo kimoja alichopangiwa, na hivyo taaluma yake hueleweka zaidi kwa swali analoanza nalo. Mgonjwa akishaeleza shida yake, humuuliza: ni nani mwingine katika ukoo wenu aliyewahi kuwa na hali kama hii?

Majibu huingizwa katika mchoro wa ukoo. Mwanamume huchorwa kwa mraba na mwanamke kwa duara. Umbo la mwenye ugonjwa hujazwa wino, la aliyefariki hukatwa kwa mstari wa mshazari, na mshale humwonyesha yule ambaye kupitia kwake ukoo mzima umefika mbele ya daktari. Wazazi wenye undugu wa damu huunganishwa kwa mistari miwili badala ya mmoja. Kwa asiyezoea, hayo ni maumbo tu, lakini mwenye uzoefu huyasoma kabla hata hajaagiza kipimo. Weusi ukionekana katika kila kizazi, kwa wanaume na kwa wanawake, hushukiwa jeni tawala, ambayo nakala moja yenye hitilafu yatosha kuleta ugonjwa, na kila mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa nusu wa kuirithi. Ukijitokeza kwa ndugu wa tumbo moja ilhali baba na mama ni wazima, hushukiwa jeni fiche, ambayo huleta ugonjwa pale tu nakala zote mbili zinapokuwa na hitilafu, kama ilivyo kwa selimundu: wazazi wote wawili ni wabebaji, yaani kila mmoja ana nakala moja yenye hitilafu bila yeye kuugua, na katika kila ujauzito uwezekano wa mtoto kuugua ni robo moja. Nasisitiza maneno “katika kila ujauzito” kwa sababu ni rahisi mno kudhani kwamba mtoto mmoja akishaugua, watatu watakaomfuata wamenusurika. Sivyo, hesabu huanza upya kila mimba inapotungwa.

Jinsi mchoro huo unavyoweza kuzaa utafiti wa maisha mazima huonekana kwa Victor McKusick, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1921. Alianza kama daktari wa moyo huko Johns Hopkins, mjini Baltimore, akakutana na wagonjwa wa Marfan: watu warefu wenye vidole virefu, ambao lenzi za macho yao zilikuwa zimehama mahali pake na mshipa wao mkuu wa damu ulikuwa ukitanuka kwa hatari. Mtu angeweza kuhesabu hapo magonjwa matatu ya viungo vitatu. McKusick alishikilia kwamba chanzo ni kimoja, yaani hitilafu katika tishu zinazoushikamanisha mwili, na mwaka 1991 jeni inayohusika ilipotambuliwa, ikaonekana kuwa ndiyo inayotoa maelekezo ya kutengeneza protini ya tishu hizo.

Mwaka 1957 aliasisi kitengo cha jenetiki ya tiba hapo hapo Johns Hopkins. Katika miaka ya 1960 aliwachunguza Waamishi wa Pennsylvania, jamii inayooana yenyewe kwa yenyewe na inayotunza kwa makini kumbukumbu za nasaba zake. Miongoni mwao walikuwapo watu wafupi sana waliozaliwa na vidole vya ziada, na kumbukumbu hizo zilifuatwa nyuma hadi kwa mume na mke waliohamia Marekani mwaka 1744. Jeni iliyokuwa nadra kwingineko ilikuwa imeongezeka katika jamii iliyoanzishwa na watu wachache. Mwaka 1966 alichapisha orodha ya tabia na magonjwa ya kurithi yanayojulikana kwa binadamu. Tangu mwaka 1987 orodha hiyo imekuwa ikipatikana kwa kompyuta, na bado inaongezewa ingawa yeye alifariki mwaka 2008.

Kwa maoni yangu, sehemu nzito ya taaluma hii ni kuamua nini kiambiwe nani. Jeni ya ugonjwa wa Huntington, unaoharibu ubongo kidogo kidogo, ilitambuliwa mwaka 1993, na mtu mzima ambaye mzazi wake anaugua anaweza kupimwa kabla ya dalili yoyote. Lakini tiba ya kuuponya haipo, na wengi wenye haki ya kupimwa huchagua kutojua. Mtaalamu hana budi kuiheshimu haki hiyo, hata pale matokeo yangeujaza mchoro wake.

Tena, kipimo chenyewe hakitoi jibu kila mara. Kinaweza kuonyesha badiliko katika jeni ambalo bado haijulikani kama linadhuru, na hapo mtaalamu huliandika hivyo, bila kuliita ugonjwa wala kulipuuza, kisha huomba ndugu wengine wapimwe ili aone kama badiliko hilo hufuatana na ugonjwa au la. Huenda miaka ikapita, familia nyingine zenye badiliko lile lile zikaripotiwa, ndipo faili la zamani likafunguliwa na ukoo ule ukaitwa tena.