Alama Sita za Usingizi

Mtu akiniletea matokeo ya jaribio la dawa ya sonona, swali langu la kwanza ni alama zimeshuka kwenye kipengele kipi. Wastani nitauangalia baadaye.

Kipimo kilichotumika zaidi kwa miongo mingi ni cha daktari wa akili Max Hamilton, kilichochapishwa Uingereza mwaka 1960. Kina vipengele 17 na jumla ya alama 52. Mhoji huzungumza na mgonjwa kuhusu huzuni, hatia, kazi, hamu ya kula, mawazo ya kujiua, kisha hutoa alama; zikiwa nyingi, ugonjwa ni mkali zaidi. Huzuni yenyewe ina alama 4 tu. Usingizi umepewa vipengele vitatu (kuchelewa kulala, kushtuka usiku wa manane, kuamka mapema mno), kila kimoja alama 2. Jumla 6! Usingizi una uzito kuliko huzuni.

Sasa chukua amitriptilini, dawa ya zamani ambayo bado iko kwenye hospitali zetu nyingi. Inalaza. Mgonjwa aliyekuwa akikesha anaweza kushuka alama 6 huku moyo wake ukiwa mzito vilevile. Alama 6 si mchezo: mwaka 2008 Irving Kirsch na wenzake walipochambua majaribio ya dawa mpya zaidi za sonona yaliyowasilishwa kwa mamlaka ya dawa ya Marekani, tofauti kati ya dawa na plasebo, yaani kidonge kisicho na dawa, ilikuwa alama 1.8 kwenye kipimo hichohicho. Kigezo walichokitumia kwa tofauti yenye maana kwa mgonjwa kilikuwa 3.

Wengi huishia hapo na kutangaza kwamba dawa za sonona hazina kitu. Mimi sikubali, maana kipimo hichohicho huzionea dawa nyingine. Fluoksetini, mojawapo ya hizo dawa mpya zaidi, na ndugu zake zinaweza kuvuruga usingizi na tumbo na kupunguza hamu ya kula, na yote hayo Hamilton anayahesabu kama ugonjwa. Mwaka 2016 watafiti wa Sweden walirudia data za dawa za kundi hilo. Kwa jumla ya alama, ulinganisho 18 kati ya 32 ulishindwa kuitofautisha dawa na plasebo. Walipoangalia kipengele cha huzuni peke yake, ulioshindwa ulikuwa 3 tu. Wagonjwa walewale, vidonge vilevile.

Tena kuna mdomo mkavu. Amitriptilini huukausha, na mgonjwa akiona hivyo anajua amepewa dawa yenyewe. Mhoji naye akisikia malalamiko hayo anajua, na usiri wa pande zote mbili, yaani mgonjwa na mhoji kutojua nani kapewa nini, umekwisha. Ndiyo maana baadhi ya majaribio ya zamani yalitia atropini kwenye plasebo ili midomo yote ikauke. Ni mbinu nzuri, ingawa siku hizi haitumiki sana. Kumpa mtu madhara bila tiba si jambo rahisi kulitetea mbele ya kamati ya maadili.

Kwa hiyo nikiombwa kupitia mpango wa jaribio, nataka anayeuliza kuhusu madhara asiwe yule anayepima huzuni. Nataka washiriki waulizwe mwishoni wanadhani walipewa nini, na jibu lao lichapishwe. Na jedwali la vipengele vyote 17, kimoja kimoja. Hilo la mwisho ndilo watafiti wengi hulikwepa, eti halina nafasi kwenye makala.