Dungu la kulinda shamba: lisimame wapi, na mlinzi apande lini

Mahindi yanapokaribia kukomaa, familia nyingi za Rufiji, Kilwa, Lindi na Tunduru huhamia shambani. Dungu, yaani kibanda cha kulindia mazao kilichoinuliwa juu ya nguzo, hujengwa haraka, mara nyingi katikati ya shamba au karibu na njia ya kwenda nyumbani, kwa sababu hapo ndipo rahisi kubeba miti. Baada ya wiki mbili nguruwe wamekula upande wa bondeni, na mlinzi hakusikia kitu. Kuna mengine mazito zaidi. Watafiti waliofuatilia mashambulizi ya simba nchini Tanzania kuanzia mwaka 1990, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2005, walikuta watu zaidi ya 563 wameuawa na wasiopungua 308 wamejeruhiwa, wengi wao katika wilaya za kusini mashariki, hasa miezi ya mavuno ya Machi hadi Mei. Nguruwe mwitu ndiye anayewalaza watu shambani, na simba humfuata nguruwe huyo huyo. Kwa hiyo mahali pa dungu ni suala la chakula na la uhai kwa pamoja.

Anza na nyayo, usianze na miti. Fyeka na parua ukanda wa mita 2 kuzunguka mpaka wa shamba mpaka udongo uonekane, kisha usawazishe kwa tawi la miiba kila jioni. Alfajiri, kabla umande haujakauka na mbuzi hawajapita, zunguka ukanda huo ukiwa na vijiti. Palipo na nyayo za kuingia choma kijiti kimoja, palipo na za kutoka choma viwili. Fanya hivyo asubuhi kadhaa mfululizo, moja wapo iwe baada ya mvua. Utaona kwamba wanyama hawaingii popote tu. Wana vipenyo vyao, na hurudia vilevile mpaka wasumbuliwe.

Tazama pia jinsi mazao yalivyoharibiwa, maana kila mnyama ana mkono wake. Nguruwe mwitu huangusha bua na kulia gunzi chini, na kwenye muhogo huacha mashimo ya kufukua. Nungunungu hutafuna shina karibu na ardhi. Nyani humenya maganda, huuma gunzi kidogo na kulitupa, akaenda kwa lingine. Tena yeye ni wa mchana, hivyo dungu la usiku halimhusu. Kiboko hukata majani chini kabisa, na njia yake hutambulika kwa mifereji miwili yenye tuta katikati. Tembo hung'oa mmea na mizizi yake. Ukikuta dalili za tembo, mpango mzima wa dungu hubadilika, kama tutakavyoeleza.

Sasa upepo. Mwindaji hukaa mahali ambapo upepo unatoka kwa mnyama kuja kwake, asinuswe. Mlinzi wa shamba anatakiwa kufanya kinyume: harufu yake na moshi wa moto wake vielekee kwenye kichaka wanakotokea wanyama, wajue kuna mtu kabla hawajaonja hindi la kwanza. Nguruwe na tembo wana pua kali kuliko macho. Tatizo ni kwamba upepo wa mchana hauwi daima upepo wa usiku. Kwenye mteremko, hewa ikipoa baada ya jua kuzama hushuka bondeni. Karibu na pwani, usiku upepo hutoka bara kwenda baharini. Kwa hiyo usipime saa sita mchana. Chukua jivu lililochekechwa, rusha konzi moja saa moja usiku na nyingine saa nne, ukiwa na mwenzako na tochi, kwa usiku mitatu. Jivu likielekea upande wa vipenyo vikuu, hapo pazuri. Na kwa kuwa kuanzia Aprili pepo za kusi huanza kuchukua nafasi ya kaskazi, dungu lililowekwa vizuri Februari linaweza kuwa na harufu inayokwenda upande usiofaa Mei. Rudia kipimo.

Hata hivyo, mnyama aliyezoea atakuzunguka na kuingia upande usio na harufu. Huko ndiko tunakopendekeza kamba ya kengele: kamba ya katani kwenye vigingi, kimo cha goti kwa ajili ya nguruwe, ikiwa na makopo mawili mawili yaliyotiwa kokoto kila baada ya hatua tano. Kosa la kawaida ni kuifunga kwa kuikaza sana. Kamba iliyokazwa hukatika bila kulia. Iache ilegee kidogo ili makopo yagongane.

Kwa nguruwe, dungu likae ndani ya shamba, mita 20 hadi 30 kutoka kipenyo kikuu, mahali ambapo macho yanaona mipaka miwili kwa wakati mmoja. Kwa tembo, usilijenge kamwe kwenye njia yao wala mbele ya kipenyo chao. Tembo dume aliyekomaa hufikia kwa mkonga takriban mita 6 juu, kwa hiyo hakuna dungu la fito lililo juu vya kutosha. Lipeleke pembeni, angalau mita 40 kutoka njia hiyo, upande wa makazi ya watu na si upande wa msitu. Sababu ya pili ni muhimu zaidi: tembo akimulikwa hurudi alikotoka. Ukiwa umekaa kati yake na msitu, umemfungia mlango, naye atapita kwako au atakimbia kukatiza mahindi yote. Mwachie njia wazi, siku zote.

Ujenzi wenyewe unajulikana, ila vipimo hupuuzwa. Nguzo 4 za mti mgumu, unene wa sentimita 12 hadi 15, urefu wa mita 5 na kidogo, zizikwe sentimita 70; sehemu ya kuzikwa ichomwe mpaka nje iwe mkaa na kupakwa oili chafu dhidi ya mchwa. Sakafu iwe mita 3 kutoka ardhini, upana unaotosha watu wazima wawili kulala. Funga mihimili ya mshazari pande zote nne; madungu mengi huanguka kwa kuyumba, si kwa uzito. Simba anaweza kurukia kimo hicho, hivyo kuta zisiishie kiunoni. Zisukwe kwa fito mpaka kwenye paa, zikiacha matundu ya upana wa kiganja ya kuchungulia na kumulika. Mlango uwe tundu la sakafuni lenye kifuniko kinachofungwa kwa ndani, na ngazi ivutwe juu mara tu mtu wa mwisho anapopanda. Moto ukae chini, mita 10 mbali na makuti ya paa, mahali ambapo upepo utapeleka moshi wake kwenye vipenyo. Fyeka nyasi zote mita 20 kuzunguka dungu: nyasi ndefu ndipo simba anapojificha, na kichaka kinachoachwa kati ya mashamba ndimo nguruwe wanamoshinda mchana.

Weka juu ndoo yenye kifuniko kwa haja ndogo, maji, na chakula kilichopikwa mapema. Tunasisitiza ndoo hiyo, kwa kuwa mtu anayeshuka gizani kujisaidia hana tofauti na aliyelala chini.

Kuhusu msimu, kulinda miezi yote minne ni kujichosha bure. Wiki ya kwanza baada ya kupanda, nguruwe hufukua mbegu, linda hapo. Mimea ikishaota na kupata nguvu, uvamizi hupungua hadi mbelewele zitoke. Kuanzia punje zinapojaa maziwa mpaka siku ya kuvuna, dungu lisikose mtu hata usiku mmoja. Vuna mara mahindi yanapokauka, maana kila wiki unayoyaacha yasimame ni wiki nyingine ya kulala nje. Kubalianeni na majirani kupanda ndani ya siku zilezile pia: shamba linalokomaa peke yake hupokea wanyama wa eneo zima, na zamu za ulinzi haziwezi kugawanywa.

Kuhusu saa, angalieni mwezi. Utafiti wa kusini mashariki ulionyesha kwamba simba huwashambulia watu zaidi katika saa za mwanzo wa usiku, na hatari hupanda sana katika siku 10 zinazofuata mwezi mpevu. Kila siku baada ya mpevu mwezi huchelewa kuchomoza kwa takriban dakika 50, hivyo jioni huwa na giza nene wakati ambapo watu bado wako njiani, wanapika au wanaitana. Siku hizo mpande dunguni kabla ya saa 12 jioni, na msishuke mpaka kupambazuke. Tembo nao, kwa uchunguzi uliofanywa jirani na Mikumi, hupunguza kuvamia mashamba mwezi unapokuwa mpevu. Usiku wa giza ndio wa kuongeza walinzi. Watoto wasipewe zamu ya usiku hata kama ni wawili.

Mnyama akifika, anzeni na mwanga: tochi kali moja kwa moja usoni. Asipoondoka, ongezeni vuvuzela au madebe, wote kwa pamoja na kutoka upande mmoja. Mpangilio huu una maana, kwani mkianza na kila kitu usiku wa kwanza, mnyama atazoea kila kitu. Msishuke kumfukuza. Tembo hukimbia hadi kilometa 40 kwa saa. Mita 50 huzimaliza ndani ya sekunde 5. Asipotoka, pigeni simu kwa askari wa wanyamapori wa kijiji. Sumu, mitego ya nyaya na mikuki huacha mnyama mwenye jeraha shambani, na kumwua bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009.

Asubuhi, kabla hamjagusa chochote, mwite mtendaji wa kijiji na ofisa wanyamapori waone nyayo, wapime eneo lililoliwa na kujaza fomu. Kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi, yaani malipo ya serikali kwa walioharibiwa mazao, kujeruhiwa au kufiwa kwa sababu ya wanyamapori, zilizotolewa mwaka 2011 ziliweka ukomo wa ekari 5 kwa mdai, na ziliacha nje mashamba yaliyo chini ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi. Viwango hubadilishwa, hivyo ulizeni wilayani vinavyotumika sasa. Daftari la zamu la dungu, lenye tarehe, saa, aina ya mnyama na upande alioingilia, liambatishwe kwenye maombi hayo.