Maana ya uwezo wa kufanya kazi

Uwezo wa kufanya kazi si nguvu za misuli peke yake. Ni uwiano kati ya hali ya mfanyakazi, mwili na akili, na kile ambacho kazi yake inamdai. Dhana hii ilikuzwa Finland miaka ya 1980 na Juhani Ilmarinen na wenzake katika taasisi ya nchi hiyo ya afya kazini. Kipimo chao cha maswali hutoa alama kuanzia 7 hadi 49. Swali la kwanza humtaka mtu alinganishe uwezo wake wa sasa na ule aliokuwa nao alipokuwa vizuri kuliko wakati wowote maishani.

Kwa kazi za nguvu kuna kanuni inayotumika sana: mtu akifanya kazi saa 8, isimtumie zaidi ya takriban theluthi ya uwezo wa juu kabisa wa mwili wake kutumia oksijeni. Chukua saidia fundi wawili wanaopandisha ndoo za zege ghorofani. Ndoo zinalingana, ngazi ni ileile. Mmoja ana moyo na mapafu imara, yuko ndani ya theluthi yake. Mwenzake ana upungufu wa damu. Damu yake inabeba oksijeni kidogo, kwa hiyo ndoo ileile inamsogeza karibu na kikomo. Ikifika saa tano anahema, anatafuta kivuli, na msimamizi anamwita mvivu. Hapo anaonewa kabisa.

Mtindo wa maisha unaingia hapohapo. Akishushia maharage na mchicha kwa chai ya rangi, chai inapunguza madini ya chuma ambayo mwili ungefyonza. Akisubiri saa moja hivi baada ya kula, anayapata zaidi. Sigara nayo hupunguza oksijeni kwenye damu.

Usingizi ndio unaopuuzwa zaidi, hasa na madereva wa malori. Aliyekaa macho saa 17 mfululizo, umakini wake hushuka karibu sawa na wa mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu, hata kama hajagusa chupa.

Lakini uwiano una pande mbili, na mzigo wote usiachiwe mfanyakazi. Mwajiri akifunga kapi ya kuvutia ndoo, akaweka maji ya kunywa karibu na kuruhusu mapumziko kabla jua halijawa kali, saidia fundi yule mwenye upungufu wa damu anaweza kumaliza siku huku akiendelea na matibabu.